Droo Tatu za Meza Moja

Kabla sijaanza, hebu tazameni mlivyokaa. Wauguzi mmejaza mabenchi yote ya kushoto. Wa kilimo mko nyuma karibu na mlango, nadhani ili muwahi chakula. Wa sheria mko mbele, kwa sababu wa sheria hukaa mbele popote waendapo. Miaka mitatu mmesali katika kanisa hili dogo la chuo, leo mnaaga, na bado naweza kuzihesabu idara zenu kwa kutazama mabenchi tu. Basi nina mfano wa mama mmoja kwa ajili yenu. Nimeutunga mwenyewe, msihangaike kumtafuta huyo mama.

Alikuwa akiishi kwenye mteremko wa mlima, katika kijiji chenye chemchemi nzuri kuliko zote za upande ule. Maji yake ni baridi, maangavu, hayakauki hata kiangazi. Watu wa kijiji hicho walikuwa na meno ya kahawia, wakubwa kwa wadogo, wala hawakuona haya. Mmoja wao akiwa mjini, akamwona mtu anacheka na meno ya rangi ile, humkumbatia na kumwambia, "Wewe ni wa kwetu." Mwanamke akiolewa kutoka mbali akaja na meno meupe, mawifi humuuliza kwa utani ataanza lini kufanana na wenzake.

Mama huyu alikuwa na watoto wawili. Wa kwanza ni msichana wa miaka saba. Miguu yake ilianza kupinda akiwa na miaka mitatu, na sasa akitembea magoti yanagongana. Wa pili alikuwa mchanga wa miezi mitano, bado ananyonya tu. Mwezi ujao angeanza uji, na uji hupikwa kwa maji. Mama alikuwa na swali moja moyoni: ni kitu gani kimeipinda miguu ya huyu wa kwanza, ili nimkinge huyu wa pili? Lishikeni swali hilo, tutalirudia.

Kijijini palikuwa na ofisi moja, ndani yake meza moja, na meza ina droo tatu. Wataalamu watatu waligawana chumba hicho kwa siku. Jumatatu alikuja daktari wa mifupa. Jumatano mtaalamu wa mifugo. Ijumaa dada mmoja aliyesomea mawe na maji ya ardhini. Kila mmoja ana droo yake na ufunguo wake. Walikuwa watu wenye adabu zao. Kwa miaka mitano hakuna aliyegusa droo ya mwenzake. Na kwa miaka mitano hawakuwahi kuonana.

Jumatatu mama akampeleka binti. Daktari akampima, akamtembeza chumbani, akahuzunika kweli. Akasema amekwisha kuona miguu ya namna ile arobaini na moja katika kijiji hicho, naye anahisi kuna kitu wanachokula au wanachokunywa. Lakini yeye ni mtu wa mifupa. Kusema ni kitu gani, ushahidi hautoshi. Akaandika, akafungua droo ya juu, akaweka, akafunga.

Jumatano mama akarudi, maana ng'ombe wake alikuwa anachechemea. Mtaalamu wa mifugo akamwambia ng'ombe wa juu kwenye chemchemi wote wanalika meno na kuchechemea mapema, wakati wale wa bondeni wanaokunywa mtoni ni wazima. Hata yeye alishuku maji. Lakini hao ni ng'ombe, mama, na ng'ombe si watu. Ushahidi hautoshi. Akaandika, droo ya kati, akafunga.

Ijumaa mama akapeleka chupa ya maji, kwa kuwa dada wa mawe alikuwa ameomba kila kaya ilete. Dada akapima, akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba mawe ya mlima ule yana madini yanayoitwa floridi, na chemchemi imebeba mengi kupita kiasi. Mama akasema yeye hutii mafundisho ya kliniki, huyachemsha maji kila siku mpaka yatokote. Dada akamjibu kwa upole kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Maji hupungua sufuriani, madini yakabaki palepale.

"Kwa hiyo ndiyo yaliyompinda mwanangu?" mama akauliza.

"Hilo siwezi kulisema, mama. Mimi sijaona mgonjwa hata mmoja hapa kijijini. Mimi huja Ijumaa."

Mnacheka? Dada wa watu alisema kweli! Wagonjwa walikuja Jumatatu. Yeye alikuwa na maji, hana wagonjwa. Daktari alikuwa na wagonjwa, hana maji. Katikati yao palikuwa na ubao wa droo, unene wake kama kidole changu hiki. Dada akaandika kwamba ushahidi hautoshi, akafungia droo ya chini.

Sasa niambieni, ninyi mliofundishwa kupima ushahidi. Watu watatu, hawajuani, hawajapatana. Mmoja kapita njia ya mifupa, mmoja njia ya ng'ombe, mmoja njia ya mawe. Wote wametokea kwenye chemchemi ileile. Je, hiyo ni bahati? Watu watatu wakitoka vijiji vitatu kwa njia tatu, wakakutana mlangoni pako wakisema wamesikia harufu ya moshi, utawaambia kila mmoja peke yake kwamba pua moja haitoshi? Utatoka mbio kutazama paa.

Mama yule hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini hesabu hiyo aliijua. Jumapili iliyofuata mtoto wake mchanga alikuwa anabatizwa. Akawaalika wote watatu, kila mmoja bila kumtajia mwenzake, nao wakaja, maana walikuwa watu wema. Baada ya ibada akawakalisha benchi moja chini ya turubai. Akawapakulia ndizi na nyama. Soda hakununua. Akaweka jagi kubwa la maji ya chemchemi, baridi, limetoa jasho ubavuni, na glasi tatu zilizojaa.

Wakala, wakasifu chakula. Mama akasimama kando na mtoto begani, anatazama. Daktari akashushia kwa chupa yake ndogo aliyoitoa mkobani. Mtaalamu wa mifugo naye akainama, akatoa chupa yake. Yule dada, kwa aibu kidogo, akatoa yake. Sahani zikawa tupu na glasi tatu bado zimejaa mpaka juu. Hakuna aliyegusa.

Mimi niliyeutunga mfano huu bado sijui kama mama alikusudia. Nadhani alikusudia.

Akasogea mbele yao, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza na wageni wake:

"Daktari, uliniambia ushahidi hautoshi. Na wewe baba. Na wewe mwanangu. Mbona kwa koo zenu umetosha?"

Wale watatu wakatazama glasi, kisha kila mmoja akatazama chupa ya mwenzake. Ndipo kwa mara ya kwanza daktari akamgeukia dada, akamuuliza, "Kwani wewe umeona nini?" Mtaalamu wa mifugo akasogea asipitwe. Jioni ileile waliifungua meza, wakazitoa karatasi zote, wakazipanga sakafuni nyumba kwa nyumba. Kazi ya miaka mitano ilikamilika kabla ya magharibi. Jumatatu kijiji kikapewa habari, na kabla ya mwezi kwisha wakawa wanachota mtoni na kukinga mvua.

Yule mchanga alipikiwa uji kwa maji ya mvua. Leo anakimbia, miguu imenyooka, meno meupe, na watoto wenzake wanamtania kwamba si wa kwao. Lakini dada yake magoti yanagongana mpaka kesho. Kwake yeye karatasi zilikuwa zimechelewa. Nawaambieni hili ili msidhani mfano wangu ni wa kuchekesha. Zilikuwa zimeandikwa tayari. Zilikuwa kwenye meza moja.

Wapendwa, wale watatu hawakuwa waongo, wala wavivu. Makosa yao ni ya watu waliosoma, yaani ni makosa yetu sisi. Tumefundishwa kutosema lililo nje ya droo yetu, na ni fundisho zuri, linatukinga na majivuno. Lakini kuna siku unyenyekevu huo unageuka kuwa kificho. Ukijua kitu kiasi cha kujibebea chupa yako mwenyewe, umejua kiasi cha kumwambia jirani. Sema hujui yote. Sema ni sehemu tu. Lakini sema, halafu mwulize mwenzako sehemu yake.

Wala tusiogope kwamba elimu zetu zitagombana zikikutana. Mungu aliyepanga mifupa ya mtoto ndiye aliyepanga mawe ya mlima. Hakuumba dunia kwa idara. Idara tumezigawa sisi, kwa sababu akili yetu ni ndogo na siku ni fupi, na si dhambi kugawana kazi. Mimi nina hakika, na nitakufa na hakika hiyo, kwamba anayefuata njia yake kwa uaminifu na mwenzake anayefuata ya kwake watakutana. Ukweli hauna haja ya kutetewa na mtu mmoja. Unachohitaji ni watu wafungue droo.

Kesho mnatawanyika. Muuguzi atapangiwa zahanati, wa kilimo atapangiwa kata ileile, wa sheria atakuwa na ofisi ng'ambo ya barabara, na mtapishana mkisalimiana kwa heshima miaka mitano. Sitaki. Kwa hiyo wimbo wa mwisho hatuuimbi bado. Inukeni. Kila mmoja ahame benchi, akakae na mtu ambaye hakusoma alichosoma yeye. Wa sheria, na ninyi pia. Mwulize jirani yako mpya, "Wewe huko kwenu umeona nini?" kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.

Fanyeni haraka kidogo. Kuna mtoto mahali fulani ambaye mwezi ujao anaanza uji.