Marehemu wa Kila Ijumaa

Hapo zamani, wala si mbali, ni juzi tu televisheni zilipokuwa bado na chogo, palikuwa na kijana pale Korogwe akiitwa Hizza. Kazi yake ilikuwa kufa.

Msinishangae. Kikundi cha maigizo cha pale mjini kilitengeneza tamthilia ya mirathi, ikawa inaonyeshwa kila Ijumaa jioni. Hizza akapewa nafasi ya tajiri. Tajiri yuko kitandani, anainua kidole, anasema, "Sanduku la hati liko..." kisha anakata roho. Basi, kwisha kazi. Hiyo ni sehemu ya kwanza, na hata matangazo hayajafika. Sehemu zote zinazofuata ni ndugu wanaotafuta sanduku na kutoana macho.

Lakini kila Ijumaa, kabla ya mambo mapya, kilitangulia kile kipande cha kuwakumbusha watu, kile cha "Tulipoishia". Na utawakumbushaje habari ya sanduku bila kumwonyesha aliyelificha? Kwa hiyo kila Ijumaa Hizza aliinua kidole, akasema "liko", akafa. Watoto wakimwona mtaani wanampigia kelele, "Liko wapi?" Sokoni mama muuza nyanya akawa anamwongezea za rambirambi.

Kichwa kikavimba. Akaanza kuvaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Mbele ya kioo, peke yake, alijua vizuri kwamba yeye ni maiti tu, tena maiti aliyepiga chafya siku ya kurekodi ikabidi arudie kufa. Lakini mbele za watu, wee! Mdomo haukuwa na breki.

Basi akampenda Zaituni, na Zaituni naye akampenda, hata bila ile miwani. Hizza akaenda na mjomba wake kuposa. Baba yake Zaituni, Mzee Shemzigwa, mtu wa maneno machache asiye na televisheni nyumbani, akamuuliza, "Kijana, nasikia unaigiza. Unaigiza nini?"

Hapo angejibu tu, "Nakufa, baba." Yakaisha. Lakini wapi! Hizza akajikohoza, akasema, "Baba, katika tamthilia nzima, hakuna sehemu hata moja nisiyokuwemo."

Mjomba akaangalia dari. Zaituni, aliyekuwa nyuma ya pazia na anayejua kila kitu, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Vyema," akasema Mzee. "Mimi sitazami mfuko wa mtu, natazama ulimi wake. Nitaiangalia tamthilia yote, kisha nitajibu posa."

Wakati huo tamthilia ilikuwa imekwisha kwenye televisheni, inaandaliwa kuuzwa kwenye diski. Aliyeiandaa ni mhariri wa kikundi, dada mmoja akiitwa Afua, mkali wa kazi. Afua akawaza: mtu yuko nyumbani kwake, amemaliza sehemu moja, chai yake hata haijapoa, anaingia sehemu ya pili. Ya nini kumsimulia tena alichokiona sasa hivi? Si kumfanya mjinga huko? Akavikata vipande vyote vya "Tulipoishia", akavitupa.

Kwa waliochelewa kufika, tulipoishia ni hapa: marehemu anataka kuoa.

Mzee akaazima televisheni, akanunua diski, akakusanya nyumba nzima, na Hizza akakaribishwa aketi karibu naye. Akaketi kifua mbele. Kwenye kioo akainua kidole, akafa. Mzee akamgusa goti. "Pole, baba."

Ikaingia sehemu ya pili. Hizza akangoja afe. Hakufa. Ya tatu, hakufa. Jasho likamtiririka mgongoni. Tangu azaliwe hakuwahi kutamani kifo namna ile. Mwishowe sanduku likapatikana chini ya banda la kuku, watu wote sebuleni wakapiga makofi, na Hizza hakuonekana tena hata unywele.

Mzee akazima televisheni. "Hizza, mwanangu," akasema polepole, "uko wapi humu?"

"Nilikuwemo, baba! Wallahi nilikuwemo. Wamenikata!"

Afua akaitwa, akaja na hasira zake. "Sikumkata mtu. Nimekata marudio. 'Tulipoishia' si tamthilia, ni kengele ya kuwaita waliochelewa. Huyu ameigiza mara moja tu. Mara nyingine zote ni mimi niliyembandika."

"Hebu nyamaza wewe!" Aliyesema ni bibi yake Zaituni, mama mzazi wa Mzee, ambaye kila Ijumaa alikuwa akienda kutazama kwa jirani. "Mimi nasinzia, siwezi kushika mambo. Bila huyu kijana kufa, nisingejua wanagombania nini. Kila Ijumaa nimemwona, kila Ijumaa nimemlilia. Leo nimepotea kabisa, sijui hata yule mwenye kilemba ni nani. Umeniharibia hadithi yangu!"

Zaituni, aliyekuwa amejificha tena nyuma ya pazia, akashindwa kuvumilia, akajitokeza. "Baba, hakusema uongo. Alisema yumo, na alikuwemo. Usimfukuze, nakuomba."

Hizza akavua miwani. "Baba, nilikuwemo kweli. Lakini nilijua utakavyonielewa, na nikafurahi ulivyonielewa."

Mzee Shemzigwa akashika kichwa. "Ee Mola! Kwenye kasha la diski wameandika 'tamthilia kamili', na kijana hayumo. Mama yangu aliyenizaa anasema yumo. Nikisema hayumo, nimemwita mama yangu mwongo. Nikisema yumo, nimetoa binti kwa mtu aliyejua ananichezea. Tokeni kwanza, niacheni."

Wakatoka uani. Zaituni analia, Afua amenuna, bibi anamkanda Hizza mgongo kama aliyefiwa.

Sasa mzigo ni wenu. Kama "Tulipoishia" ni tamthilia, Hizza alisema kweli na Afua ameuza kitu pungufu. Kama si tamthilia, Afua hana kosa, ila bibi wa watu amelia Ijumaa zote kwa kitu kisichokuwepo. Zaituni yuko uani, anautazama mlango wa baba yake. Je, nani alistahili lawama? Na mlango ukifunguliwa, Mzee aseme nini?