Tela Halijafika, Hujafika

Tela halijafika, hujafika. Ndivyo jirani yangu Mzee Roba alivyowaambia pale langoni, mlipoingia mkipiga kelele kwamba mmefika wa kwanza, huku Kagendo amebaki kule chini kwenye mteremko na kiatu kilichokatika na mfuko wenu wa viazi. Mmecheka. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Kinya, wewe mdogo kaa hapo nyuma karibu na mlango, wakubwa wako wamejaza mkeka wote.

Methali hii ilianza hivi, nami sikuambiwa na mtu. Nilikuwa ndani ya gari.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ninasomea ufundi wa magari mjini Isiolo, msichana peke yangu katika darasa la wanaume thelathini. Rafiki zangu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mutwiri, Mmeru mwenzangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Wa pili ni Guyo Wario, Mgabra wa Elbeso, kijiji kilicho mbali sana kaskazini, ng'ambo ya jangwa la Chalbi. Guyo alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akishika usukani hata gari bovu lilijiheshimu.

Siku moja dereva wa lori alimletea Guyo habari kutoka kwao. Injini ya kuvuta maji kwenye kisima cha Elbeso ilikuwa imekufa. Watu walikuwa wakifuata maji mwendo wa siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na mbuzi wameanza kuanguka. Wazee walikuwa wameamua kwamba mwezi ukiandama watabomoa nyumba, wazipakie juu ya ngamia na kuhama. Mama yake Guyo, aliyeitwa Gumato, alikuwa amevunjika nyonga na hawezi kukaa juu ya ngamia. Naye aliapa kwamba hatabebwa kama mzigo. Wenzake wakihama, yeye atabaki pale alipozikwa mumewe.

Guyo alitueleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaenda kunawa uso. Nilimwonea uchungu ambao mpaka leo siwezi kuupima.

Nyuma ya karakana ya chuo kulikuwa na injini ya dizeli iliyotupwa, imeota majani. Mwalimu wetu alituruhusu kuichukua. Wiki tatu tulikesha nayo, ninyi mnaolalamika mkitumwa kisimani mara moja! Tuliifungua kipande kwa kipande, tukaisafisha, tukaifunga upya. Mutwiri alitengeneza tela kwa ekseli ya pikapu iliyokufa, akaunganisha vyuma vizuri hata mwalimu akaja kuvipapasa kwa mkono. Mjomba wa Mutwiri akatuazima Landirova yake. Injini tukaikaza juu ya tela kwa boliti kumi na mbili, nami ndiye niliyezikaza, moja baada ya nyingine. Tulipoondoka zilibaki siku tatu mwezi uandame.

Barabara ya kaskazini siku hizo ilikuwa ni mbavu tupu. Ukienda polepole meno yanagongana, ukienda kasi gari linaruka. Kabla hatujafika Laisamis kioo cha kutazama nyuma kilikuwa kimeanguka, na vumbi lilikuwa zito hata Guyo hakuweza kuona kinachomfuata. Basi tukaweka zamu ya macho. Mmoja wetu alikaa nyuma ya gari, turubai limekunjwa, uso umeelekea tulikotoka. Kila baada ya muda Guyo aliuliza kwa sauti, "Tela?" Na mwenye zamu alitazama, kisha akajibu, "Lipo!"

Siku mbili tulisafiri hivyo. Jamani, ile nchi ni nzuri! Nilitoka kwenye migomba na ukungu, sikujua kama ardhi inaweza kuwa pana kiasi kile. Niliona milima imesimama peke yake kama watu waliokasirikiana. Niliona twiga akivuka barabara bila haraka, na Mutwiri akamvulia kofia. Na nilimwona Guyo. Kila tulipofika kwenye mto mkavu alishuka, akavua viatu, akavuka mchanga wote kwa miguu mpaka ng'ambo na kurudi, ndipo akapitisha gari. Mutwiri alimtania kwamba anapima kaburi. Guyo alisema tu, "Gurudumu halina macho."

Siku ya tatu tuliingia Chalbi. Ni uwanda mweupe wa chumvi, tambarare kama sinia, hauna jiwe wala kichaka. Mbavu za barabara zikaisha. Guyo akakanyaga mafuta, gari likateleza kama limo hewani. Zamu ya macho ilikuwa yangu. Siwafichi.

Mutwiri akapiga kelele, "Ziwa! Kathambi, ziwa!"

Nikageuka. Mbele yetu palikuwa na maji, nawaambia, maji mengi ya buluu, na miti inaonekana kichwa chini. Mimi mtoto wa mlimani sikuwa nimewahi kuona mazigazi. Nikapiga magoti juu ya kiti, nikaning'inia kati yao wawili. Mimi na Mutwiri tukabishana, mimi nikisema hata mawimbi nayaona, Guyo akicheka. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka safari nzima. Katikati ya ubishi akauliza, "Tela?"

Nikajibu, "Lipo!" Macho yangu yalikuwa kwenye maji yasiyokuwepo.

Muda kidogo gari likawa jepesi ghafla. Guyo akasema, "Leo Landirova imekula nini?" Mutwiri akamjibu, "Imenusa nyumbani kwenu." Tukaisifu barabara, tukamshukuru Mungu, tukaimba.

Saa tano tuliingia Elbeso. Watu wote walikuwa nje. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakakimbia kandokando ya gari wakiwa na madumu matupu. Mama Gumato alikuwa ametolewa nje na kuketishwa juu ya ngozi, mbele ya nyumba yake, ameshika kibuyu cha maziwa ya ngamia kwa mikono miwili. Kwao msafiri akifika haulizwi habari kabla ya kunywa. Akishakunywa, ndipo safari imekwisha.

Guyo akapiga magoti mbele ya mama yake, akapokea kibuyu. Vigelegele vikazidi. Kisha, upande wa nyuma wa gari, vikaanza kupungua. Mzee mmoja alikuwa amezunguka kwenda kuitazama hiyo injini. Akasimama pale, akaonyesha kwa fimbo. Palikuwa na ndoano ya kuvutia tela, imejaa vumbi, na tundu la pini inayolishikilia tela likiwa tupu.

Guyo akainua kichwa, akanitazama. Akauliza polepole, "Tela?"

Nikasema, "Guyo, nilijibu bila kutazama."

Guyo hakunitukana, wala hakukunja uso. Alikitazama kile kibuyu muda mrefu. Alikuwa hajanywa tone tangu alfajiri, midomo yake imepasuka.

Mama yake akasema kitu kwa Kigabra, na kijana mmoja akatutafsiria: "Kunywa, mwanangu. Ukoo wote unakuona. Umefika."

"Tela halijafika, mama," Guyo akasema. "Sijafika."

Akamrudishia kibuyu kimejaa vilevile. Watu wakaguna. Kukataa maziwa ya mama yako mbele ya kijiji si jambo dogo. Yule mzee mwenye fimbo akamsihi, "Guyo, jua hili ni la kuua. Kunywa kwanza, mpumzike, mtarudi likipoa."

"Nikionja tu nitakuwa nimefika, Abba, baba yangu," akajibu. "Na aliyefika hukaa."

Akapanda gari. Sisi tukamfuata. Pembeni niliona nyumba mbili zimeshaanza kufunguliwa mikeka, na ngamia wamepigishwa magoti tayari kwa kupakiwa, maana mwezi ulikuwa uandame jioni ile. Nilitamani Guyo anigombeze. Kugombezwa kungenipunguzia mzigo. Lakini aliendesha akitafuta alama za magurudumu, nazo upepo ulikuwa umeshazifagia.

Tulizunguka kwenye chumvi ile kwa muda wa karibu saa mbili. Kila tulichoona kwa mbali kilikuwa ni tela, na tukikaribia si kitu. Nililia nikiwa nimegeuka ili wasinione. Kisha Mutwiri akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaogopa kukosea tena, "Kuna kitu chekundu."

Kilikuwa kitambaa chekundu, kikipepea. Tela letu lilikuwa limeacha njia na kuzama gurudumu moja kwenye tope la chumvi, na kitambaa kimefungwa juu ya bomba la moshi la injini. Pembeni yake amekaa mama mtu mzima, kichwa wazi katika jua lile, na ngamia wawili waliobeba maji. Aliitwa Elema. Alikuwa akiwapelekea maji wajukuu zake Elbeso kutoka kisima cha mbali, akalikuta tela limelala peke yake. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakifanya bendera, akakaa. Saa tatu nzima alikaa pale, na wajukuu wanamngoja na kiu.

Guyo alimuuliza kwa nini hakuendelea na safari yake. Yule mama akanyoosha kidole kwenye boliti zangu kumi na mbili.

"Mtu hafungi hivi kitu cha kutupa," akasema. "Nilijua aliyekaza hizi atarudi."

Guyo aliponitafsiria hayo nilikaa chini palepale.

Elema akatugawia maji, kikombe kimoja kimoja. Mimi na Mutwiri tulikunywa. Guyo alilowesha midomo tu. Tulichimbua gurudumu kwa mikono. Pini ilikuwa imepotea, kwa hiyo tukaingiza spana ya magurudumu katika tundu lake, na Elema akaifunga kwa kamba ya ngamia wake, fundo juu ya fundo. Mutwiri akafungua mlango wa dereva amwachie Guyo nafasi.

Guyo akautazama ule mlango, kisha akasema, "Kathambi, endesha wewe. Mimi nitatazama nyuma."

"Mimi?" nikasema. "Baada ya niliyoyafanya?"

"Nani mwingine atakayeendesha kwa uangalifu kama wewe leo?"

Akaenda nyuma, si ndani ya gari. Alitembea kwa miguu kando ya tela, mkono mmoja juu ya injini, Elema na ngamia wake pembeni. Nami niliendesha mwendo wa ngamia. Kila baada ya muda nilitoa kichwa dirishani nikauliza, "Tela?" Na kutoka ndani ya vumbi nikasikia sauti ya Guyo, "Lipo!" Mpaka jua likatua. Mwezi ukaandama tukiuona, mwembamba kama ukucha. Giza lilipotuzuia tulisimama, na kulipopambazuka tukaendelea.

Tulipoingia Elbeso asubuhi ile, nyumba nyingi zilikuwa zimeshafungwa juu ya ngamia. Watu walisimama na kamba mikononi. Mama Gumato alikuwa amekaa palepale juu ya ngozi yake. Waliniambia baadaye kwamba alikataa kurudishwa ndani, akasema, "Mwanangu hajafika, nitaingiaje kulala?"

Guyo alisimama kwenye mlango wa ua wa miiba uliozunguka kijiji. Akangoja gari lipite. Akangoja tela lipite, mpaka gurudumu la mwisho. Ndipo naye akaingia, nyuma ya wote, miguu imepasuliwa na chumvi. Akapiga magoti, akapokea kibuyu, akampa Elema kwanza. Elema akanywa, akanipa mimi. Mimi nikampa Mutwiri. Guyo akanywa wa mwisho, na hakukiacha kibuyu mpaka kilipokauka.

Tuliifunga injini kisimani, na saa nane mchana tukazungusha hendeli. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili injini ikakohoa. Mara ya tatu ikashika, na baada ya muda bomba la kisima likatapika matope, kisha maji. Mbuzi walikuja mbio kutoka pande zote, na watu wakaanza kufungua mizigo kutoka kwa ngamia, wengine wakilia bila kujificha.

Mama Gumato alimuuliza mwanawe mbele ya wote nani alikuwa na zamu ya kutazama nyuma. Guyo akasema, "Macho yalikuwa ya gari zima, mama." Hakunitaja siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka alipofariki. Mimi ndiye ninayejitaja.

Tangu hapo, mchungaji wa Elbeso akirudi jioni na kujisifu kuwa amefika mapema, Mama Gumato alikuwa akimuuliza yuko wapi mbuzi kilema, na kumwambia, "Tela halijafika, hujafika." Madereva wa malori wakayasikia maneno hayo, wakayateremsha Marsabit, Isiolo, mpaka yakafika kwa Mzee Roba pale langoni.

Basi hadithi ndiyo hiyo. Chai imeshapoa na hamkuigusa, mlikuwa mnanisikiliza vizuri, mmenitolea macho. Lakini nimesimulia polepole makusudi, nikitaka kuona ni nani atakayeinuka kabla sijamaliza. Geukeni. Kinya hayupo. Alitoka nilipofika pale penye kibuyu cha maziwa, amechukua na ndara zangu ampelekee Kagendo, na hakuna hata mmoja wenu aliyetazama nyuma akamwona. Sasa nawaona wote wawili dirishani, wanapanda mteremko, wameushika ule mfuko wa viazi huku na huku.

Viwekeni vikombe chini, mkawapokee. Tela halijafika, hujafika.