Karafuu kwenye Pengo

"Karafuu haiponyi pengo." Ndiyo, neno hilohilo alilotupiwa mjomba wenu sasa hivi, alipopanda kiti kubadilisha balbu na umeme wenyewe umekatika mtaa mzima. Mmecheka, na kucheka ni haki yenu. Ila methali hii haikuzaliwa kwenye kicheko. Ilizaliwa mekoni, hapa hapa Tabora, siku ya arobaini ya marehemu Mzee Kaombwe. Ilianza hivi.

Palikuwa na mpishi wa shughuli, Bi Mgeni, mwenye miaka sitini na ushei. Hakuna hitima wala harusi ya mtaa huu iliyopikiwa pilau bila yeye, na msaidizi wake wa siku zote alikuwa Bi Nyanzala, wifi yake, dada wa mumewe. Wawili hao walizeeka pamoja wakipuliza kuni. Sasa, wapishi wa hapa walikuwa na desturi yao: aliyelitia sufuria chumvi ndiye atakayelifunua. Akilifunua mwingine, wali hutoka mbichi katikati. Kwa hiyo mpishi mkuu akishatia chumvi haondoki, hata nyumba yake iungue.

Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, Bi Nyanzala alimwona wifi yake amechoka. Si uchovu wa kazi. Alichoka akitandika kitanda, alichoka akifunga kanga. Alipomuuliza, alijibiwa, "Uzee huo, wifi. Umebisha hodi, nao haungoji karibu." Bi Nyanzala mwenyewe magoti yalikuwa yanamlilia, basi akaona ni yale yale. Mzee akisema amechoka, nani atashtuka? Nyinyi mngeshtuka? Thubutu!

Asubuhi ya arobaini, sufuria limeshatiwa chumvi, Bi Mgeni akaanza kushika taya la kushoto. Akawa anahema. Jasho lilimtiririka, lakini nani asiyetokwa jasho penye mafiga? Wanawake wakasema ni moshi tu, mmoja akampa chai ya tangawizi.

"Taya linaniuma, wifi," akasema. "Linavuta mpaka begani."

"Jino hilo," Bi Nyanzala akajibu, akachomoa karafuu kwenye viungo vya pilau. "Achama."

Bi Mgeni akaachama. Bi Nyanzala akaibandika karafuu kwa kidole, macho yake yakiwa kwenye kuni zisije zikaanguka. Kazi ikaendelea.

Ukafika wakati wa kuweka makaa juu ya mfuniko. Bi Mgeni akainuka na koleo, makaa yakamdondoka. Bi Nyanzala akamdaka mkono asianguke, na mkono ule ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, mbele ya moto wote ule. Hapo ndipo Bi Nyanzala aliposhtuka.

"Wifi, hilo jino lina nini? Hebu achama nilione."

Akaachama. Karafuu ilikuwa imelala juu ya ufizi mtupu. Upande ule wa kushoto hapakuwa na jino hata moja. Yaling'olewa zamani, na Bi Nyanzala ndiye aliyempeleka kuyang'oa.

"We Mgeni! Huku huna jino!"

"Najua."

"Sasa kinachokuuma ni nini?"

"Sijui, wifi. Kuna kitu kimenikalia kifuani tangu alfajiri. Ngoja kwanza nifunue wali, ndipo twende."

"Wali gani tena? Atafunua atakayefunua!"

"Utatoka mbichi. Watu watasema."

"Na waseme! Waule hivyo hivyo! Jamani, bajaji! Niitieni bajaji!"

Hospitali, daktari alisema mshipa unaoupelekea moyo damu umeziba. Kwa wazee, tena hasa wanawake, maumivu hayaji kifuani peke yake. Huja kwenye taya, begani, mgongoni, au huja kama uchovu tu. Akauliza yalianza lini. Bi Nyanzala akamwambia, alfajiri. Daktari akatazama saa ya ukutani, alasiri imeshaingia, na saa zote hizo damu haikupita.

Bi Mgeni hakufa siku ile. Lakini sehemu ya moyo wake ilikuwa imeshakufa, nayo hairudi. Alitoka pale mtu mwingine kabisa, wa kutembea akishika ukuta, wa kupumzika kati ya kitanda na mlango. Mwiko hakuushika tena.

Bi Nyanzala alikwenda kila asubuhi kumwogesha, na kila asubuhi alijilaumu kimoyomoyo. Siku moja akashindwa, akalia.

"Nisamehe, wifi yangu. Nilikutia karafuu kwenye pengo, hata sikutazama. Mtu mzima mimi!"

Bi Mgeni akavuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. Siku hizo hata kusema kulimchosha.

"Wewe hukutazama," akasema. "Lakini pengo ni langu mimi, nalijua. Nilipokea karafuu yako nikashukuru, maana jino lingeniacha nimalize wali. Nilitaka liwe jino, wifi. Nilitaka sana liwe jino."

Bi Nyanzala akaendelea kumkausha miguu, polepole, kidole kwa kidole.

Wifi hao wawili wote tumeshawazika, wanangu. Lakini mpaka leo mtu wa mtaa huu akituambia amechoka tu, ni uzee tu, ni jino tu, hatumwachi akaenda zake. Tunamwambia aachame kwanza tuone. Karafuu haiponyi pengo.