Mkono Ulioachwa Mkondoni

Ndugu zangu, kabla sijasema la wengine, niseme langu. Najua dhambi aliyoisitiri Mola si vyema mja akaifunua. Lakini hii yangu haikusitirika. Nusu yenu mliiona kwa macho yenu, humu humu msikitini.

Mwaka jana fundi wetu wa baiskeli, Bwana Mwinchande, alikuja kuswali baada ya kuumwa siku nyingi. Akasimama kwenye safu, kushoto kwangu. Habari ilikuwa imeshazagaa kwamba ana kifua kikuu. Kweli alikuwa nacho. Lakini dawa alishazimaliza, miezi sita kamili, na daktari alishamwambia hana cha kumwambukiza mtu. Cheti alikuwa nacho mfukoni, akimwonyesha anayetaka na asiyetaka. Basi akakohoa, mara moja tu. Mimi nikasogea. Kidogo, kama mtu anayeweka kanzu yake sawa. Na yule wa kushoto kwake naye akasogea. Mimi, ninayewapigia kelele watoto wenu kila siku, "Zibeni nafasi! Bega kwa bega!" Mwinchande akaswali peke yake katikati ya watu. Ijumaa iliyofuata hakuja.

Hilo liacheni hapo kwanza. Nikupeni mfano.

Palikuwa na wanawake wakulima wa mwani. Kwa asiyeijua kazi ile, mwani hulimwa baharini: kamba huvutwa kati ya vigingi, mbegu hufungwa kwenye kamba, na maji yakipwa wanawake huenda kuvuna kwa miguu. Sasa mashamba ya wanawake hawa yalikuwa juu ya fungu la mchanga, ng'ambo ya mkondo. Wakati wa kwenda, maji ya mkondo yako magotini. Ukichelewa kurudi yanafika kifuani, na yanavuta. Kwa hiyo walijiwekea desturi yao: kurudi ni mkono kwa mkono. Warefu mbele na nyuma, wasiojua kuogelea katikati, na hakuna kuachia mpaka kisigino cha wa mwisho kikanyage mchanga mkavu.

Miongoni mwao alikuwamo mke mmoja kijana na mavyaa yake, mama wa mumewe. Walikuwa wakipendana kwa maneno makali, kama wengi wanavyopendana.

"Mama, twende, maji hayo yanarudi!"

"Maji haya nimezaliwa nayo, wewe nimeletewa juzi. Ngoja nifunge gunia langu."

"Gunia litakuzamisha hilo."

"Likinizamisha utarithi sufuria zangu. Si ndiyo dua yako kila siku?"

Wenzao wakacheka, wakashikana mikono, wakaingia mkondoni. Maji kiunoni. Yule bibi kizee hakujua kuogelea, akawekwa katikati, mkono wake mmoja ndani ya mkono wa mkaza mwanawe. Walipofika penye kina, maji kifuani, wa mbele akapiga ukelele.

"Papa! Papa huyo!"

Na kweli alikuwa papa. Pezi jeusi, limesimama juu ya maji, linakuja taratibu kama mtu asiye na haraka.

Mnyororo ukakatika. Kila mmoja na roho yake. Yule mke kijana akajivuta aondoke, akakuta hawezi: vidole vya mavyaa vimemshika. Akavuta tena. Vimemshika. Basi, ndugu zangu, akavibandua. Kidole kimoja, cha pili, cha tatu, mpaka mkono ukatoka. Akakimbia na maji yale bila kugeuka.

Ufukweni walianguka mchangani, wanahema, wanahesabu miguu yao.

"Nani kaumwa?"

"Mie mzima."

"Na mie. Hata mkwaruzo sina."

"Wee, mavyaa yako yuko wapi?"

Ndipo alipogeuka. Mkondo ulikuwa umemsukuma bibi yule, ukamrudisha hadi kwenye fungu la mchanga. Amesimama huko peke yake, maji yameshamfika mapajani, gunia limekwenda na maji. Na kati yake na nchi kavu, lile pezi linazunguka.

"Tuite chombo," mmoja akasema.

"Vyombo vyote vimetoka. Mpaka virudi, maji yatakuwa yamempita kichwa."

"Basi tungoje papa aondoke."

Niwaulize, nyinyi mlionyamaza hapo: kijiji kile kilizika watu wangapi walioliwa na papa? Hata mmoja. Tangu babu zao, hata mmoja. Na wangapi waliochukuliwa na ule mkondo wanaouvuka kila siku wakipiga soga? Watatu. Makaburi yao yako pale nyuma ya visima. Lakini mkondo haujapata kupigiwa ukelele.

Mke yule akasimama. Akaingia majini. Wenzake wakamwita, "Rudi, mwendawazimu wee!" Hakurudi. Maji magotini, maji kiunoni. Meno yanagongana kinywani, na jua ni la mchana. Yalipofika kifuani, pezi likageuka likaja upande wake. Akasimama kama kigingi. Akafumba macho, akatamka shahada, akangoja. Akahisi maji yanasukumika pajani mwake, kitu kizito kinapita. Kikapita. Alipofumbua macho akaona mgongo wa kijivu, mrefu kama mlango, unaelekea kwenye kina, kama mtu aliyebisha hodi akagundua nyumba siyo.

Akafika kwenye fungu. Maji yalikuwa kiunoni mwa bibi.

"Mama, nipe mkono. Upesi, maji yanajaa!"

Bibi akautazama ule mkono. Hakuushika.

"Upi? Ule ule?"

Maji yanapanda, na mke amenyoosha mkono kama ombaomba. Mwisho akasema, "Ule ule, mama. Sina mwingine."

Bibi bado hakuushika.

"Mama, papa... papa kakugusa?"

"Papa kanizunguka mara tatu," bibi akasema. "Kanitazama, kaenda zake. Hana ugomvi na mimi yule. Mimi kilichonitia hofu, mwanangu, ni migongo yenu."

Kisha akaupokea mkono. Lakini hakuushika vidoleni. Aliushika kwenye kifundo, kwa mikono yake miwili. Wakavuka maji yako kidevuni, na wale wenzao, kwa aibu, wakaingia mmoja mmoja wakawapokea njiani. Bibi aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na aliendelea kulima mwani na kumtania mkaza mwanawe. Ila kila walipovuka, alimshika kifundo cha mkono. Vidole hakumpa tena.

Ndugu zangu, mimi sisemi papa hana meno. Anayo. Na mwenye akili akimwona papa hutoka majini, haendi kumchezea. Kutoka majini si kosa. Kosa ni kutoka huku unabandua vidole vya mwenzio. Papa wa siku ile hakumgusa mtu. Sisi kwa sisi ndio tulioumizana. Nimesema sisi, wala sikukosea. Ni nani humu hajapata kusikia ukelele, "Yule ana ugonjwa! Yule mchawi! Yule ametoka jela!", akaachia mkono kwanza, akauliza baadaye? Tumekimbia kutoka kwa nini? Na tumemwacha nani nyuma, maji yakimpanda?

Juzi nilikwenda kwa Mwinchande. Nilimkuta anaziba pancha. Nikamwomba radhi, nikamwomba na ruhusa ya kumtaja mbele yenu leo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Radhi nimekupa, Mwalimu. Kunitaja, nitaje. Kuja, nitaona." Nami sikumlaumu. Huyo ananishika kifundo, na ni haki yake.

Ijumaa nitampitia kwake, akikubali tuje pamoja. Nilimwahidi safu ile ile. Kulia kwake nitasimama mimi, pale pale niliposogea. Kushoto kwake sina mtu. Nakuombeni mmoja wenu aje asimame hapo, bega lake liguse bega la Mwinchande, na akikohoa, asisogee.