Wageni wa Baba Nakiete

Palikuwa na mkulima mmoja wa tangawizi, jina lake Mbonea, na binti yake Nakiete alikuwa akisomea urubani. Ilipofika siku ya Nakiete kurusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza, bila mwalimu pembeni, Mbonea hakuweza kunyamaza. Akaalika ukoo mzima. Wakaja wamevaa nguo za sikukuu, wamebeba masufuria ya pilau, wakaketi kandokando ya uwanja mdogo wa ndege wa chuo chake kana kwamba bibi harusi anatolewa ndani.

Ndege ikapaa vizuri, ikazunguka, ikarudi. Mbonea moyo ukamjaa. Lakini kupaa si kazi. Kazi iko kwenye kutua. Magurudumu yakagonga ardhi kwa kishindo, ndege ikadunda, ikarushwa juu kimo cha nyumba. Watu hawajashusha pumzi, injini ikanguruma na Nakiete huyo, akarudi zake angani. Shangazi yake, aliyekwisha kufungua kinywa apige vigelegele, akakifumba.

Akaja mara ya pili. Upepo ukamsukuma pembeni, akapaa tena bila hata kugusa chini. Hapo minong'ono ikaanza. Mmoja akauliza kama pilau haitapoa. Mwingine akasema mtoto wa kike ametwishwa mzigo usio wake. Mbonea akaona aibu, aibu ya kweli. Alipomwona bintiye kule mbali akigeuka kuja mara ya tatu, akavua kofia, akakimbilia ukingoni mwa njia ya ndege, akaanza kuipunga kwa nguvu zake zote ili mtoto ashuke, yaishe.

Mwalimu akamfuata, akamshika mkono, akamwonyesha ndege moja iliyokuwa kando ya banda, pua imekunjika, propela imepinda. Akamweleza kwamba aliyekuwa akiirusha ni kijana aliyedunda vilevile kama Nakiete. Kwa kuwa jamaa zake walikuwa wamesimama wakimtazama, aliona haya kurudi angani, akaisukuma pua chini kwa lazima. Mpaka siku hiyo alikuwa bado hospitalini, mguu kwenye plasta.

"Baba Nakiete," mwalimu akasema, "kabla sijamfundisha kutua, nilimfundisha kukataa kutua. Mwache."

Mbonea akavaa kofia yake. Akarudi kuketi kati ya wageni, na yule wa pilau alipouliza tena, akamjibu kwamba leo italiwa ya baridi. Nakiete akaja taratibu. Magurudumu ya nyuma yakagusa, kisha la mbele, ndege ikatulia. Wanafunzi wenzake wakammwagia ndoo ya maji, kama ilivyo desturi yao kwa anayeruka peke yake siku ya kwanza, na baba yake akamkumbatia hivyohivyo, koti la suti likalowa chapachapa, asijali. Pilau ilikuwa imepoa kweli. Mbonea alikula sahani mbili, na kila shangazi alipopiga vigelegele, alicheka kama mtoto.

Nanyi mlio na watoto: mmoja wao akija kesho, mambo yote yamekwisha kuandaliwa, akawaambia kwamba ameona hapa hatatua salama na anataka kurudi juu ajipange upya, mtamtazama yeye, au mtawatazama wageni?