Mama Aliyenyimwa Maji na Mwanawe

Nianze kwa kukiri. Zamani nilikisimulia kisa hiki kwenye mkutano wa akina mama, nikalikata kosa la mama mwenyewe, nikabakiza machozi yake na furaha yake. Watu walilia, wakanisifu. Lakini nilikuwa nimedanganya kwa kunyamaza, Mungu anirehemu. Leo nakirudisha chote.

Inasimuliwa kwamba katika milima ya Upare, enzi za wazee walioipokea Injili kanisa likiwa bado la kuta za udongo na paa la nyasi, aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Nakundwa. Alikuwa na watoto wawili, wote watu wazima. Binti yake, Nanzia, aliolewa huko tambarare, na imani akaiacha njiani. Mwanawe, Mbonea, alibaki mlimani, na kazi yake ilikuwa kugawa maji ya ndiva, lile bwawa la mawe na udongo linalojaa usiku ili asubuhi lifunguliwe, kila shamba lipate maji kwa zamu yake. Mbonea alibatizwa utotoni, ila ukubwani mguu wake uliisahau njia ya kanisani. Nakundwa hakuwa na haja nyingine duniani ila hii moja: awaone wanawe wakipiga magoti kwa hiari yao kabla yeye hajafumba macho.

Basi ilikuwa desturi ya kanisa lile, baada ya mahubiri, mwinjilisti kuuliza, "Nani amekuja na mzigo?" Mwenye mzigo husimama na kuuomba kwa sauti, na wote huitikia. Hapo Nakundwa hakuwa na mpinzani. Akisimama yeye, hata waliosinzia waliamka.

Jumapili moja akaomba hivi: "Ee Bwana, mtazame Mbonea! Unajua alivyokunywa pombe ya miwa, akaanguka mferejini, akapoteza kiatu. Na kiatu chenyewe, Bwana, mpaka leo hakijaonekana!"

Wakaitikia, "Amina!" Lakini amina nyingine zilikuwa na kicheko ndani yake.

Kesho yake asubuhi watu walipofika ndivani kungoja maji, mmoja akamwuliza Mbonea kwa upole wa uongo, "Mgawa maji, kiatu kimepatikana? Maana kanisa zima tunakiombea." Wakacheka mpaka majembe yakawaanguka.

Zamu za siku hiyo zilipokwisha, Mbonea alifunga maji, akaenda moja kwa moja kwa mamaye. Alimkuta akipepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi."

"Siketi. Nataka kuuliza tu. Si mnasema Mungu anajua yote?"

"Anajua yote, jina lake lihimidiwe."

"Basi habari ya kiatu changu ulikuwa unampa nani?"

Nakundwa akauweka ungo chini.

"Unaniombea, mama, au unanisengenya ukiwa umefumba macho?" Akaondoka, na alipofika uani akasema bila kugeuka, "Humo kanisani hamtaniona kamwe."

Neno lile lilimwingia yule mama kama mwiba wa mgunga. Kila alipopiga magoti, ulimi ulikuwa mzito. Hatimaye akamwendea mwinjilisti, akamwambia, "Baba, nimekosa. Nitubu kwa nani, kwa Mungu au kwa mwanangu?"

Mwinjilisti akamjibu, "Mama, ulimkosea penye masikio ya watu. Tubu penye masikio ya watu."

Jumapili iliyofuata akasimama. Watu wakasogea mbele, wakijua leo kuna jipya. Akasema, "Ee Mungu, nimemsengenya mwanangu, nikakufanya wewe shahidi wangu. Nilipenda watu wanisikilize. Nisamehe. Tangu leo, kosa la Mbonea nitakuambia chumbani. Hapa nitalitaja jema lake, na nisipoliona nitanyamaza." Akaketi.

Akatimiza. Jumapili hii atamshukuru Mungu kwamba mwanawe amemtengenezea kikongwe jirani paa lake. Jumapili ile atasimama, atafikiri, ataketi bila neno. Wanawake wenzake wakanong'ona, "Siku hizi sala za Mama Mbonea hazina chumvi." Akasikia, akasubiri. Na Mbonea naye akakaa huko huko kwake, kama jiwe.

Kisha mwaka ule mvua za vuli zikakosekana. Ndiva ikawa na maji ya kufika magotini tu, na zamu zikawa mbali mbali. Mahindi ya Nakundwa yakaanza kujikunja majani. Jioni moja, yule mcha Mungu, ambaye hakuwahi kugusa mali ya mtu, akapita njia ya nyuma mpaka kwa mwanawe.

"Mbonea, nifungulie kidogo tu. Nani atajua?"

"Zamu yako Alhamisi, mama."

"Mimi nimekuzaa!"

"Ndiyo, na waliopangiwa maji ya kesho nao wana mama zao. Alhamisi, mama. Nisamehe."

Akarudi kwake mikono mitupu, ana hasira, ana haya. Na katikati ya njia kitu kikampanda kifuani, kikaishinda hasira. Akasimama pale peke yake, akacheka.

Jumapili akainuka akiwa amenyoosha mgongo kama msichana. "Ee Bwana, mahindi yangu yanakauka, nami nimekuja kushukuru. Nilikwenda kuiba maji kwa mwanangu, mimi mama yake ninayeimba zaburi, naye akaninyima! Asante kwa mtoto aliyeninyima. Huyo nimemzaa mimi, Bwana, na leo naringa mbele zako!"

Mzee mmoja wa baraza akakohoa sana, akatazama miguu yake, maana naye alikuwa amepita njia ile ile ya nyuma, akanyimwa vile vile.

Habari ikamfikia Mbonea, lakini hakuja. Mvua zikarudi, watu wakavuna, naye hakuja. Nakundwa hakumwita.

Sikukuu ya mavuno, ibada ikiwa katikati, mlango ukasukumwa. Akaingia Mbonea, matope miguuni, akaketi benchi la mwisho upande wa wanaume. Mwinjilisti alipouliza nani ana mzigo, akasimama.

"Mimi kuomba nimesahau," akasema. "Mama alinitangaza kwa ubaya wangu, nikamkasirikia. Kisha akanitangaza kwa wema, na mwingine sikujua kama ninao, ikanibidi niutafute. Namshukuru Mungu kwa mama huyu." Akamgeukia mamaye. "Na kile kiatu, mama, kilipatikana. Tulikikuta kwenye tope tulipozibua ndiva."

Kanisa zima likaangua kicheko, na safari hii Mbonea alicheka nao. Kisha akapiga magoti pale pale alipokuwa, bila kuambiwa.

Nakundwa hakulia, wala msimsikilize anayesema alilia. Aliwageukia wanawake wa benchi lake, kichwa juu, akasema, "Mnamwona? Ndiye yule aliyeninyima maji."

Nanzia hakurudi kanisani mamaye akiwa hai. Hilo nalo nisilifiche. Lakini hadi Jumapili yake ya mwisho Nakundwa alimtaja kanisani kwa jema: kwamba tangu utotoni hakuwahi kula peke yake mbele ya mwenye njaa. Yaliyobaki alimwambia Mungu, mlango umefungwa.

Ndugu zangu, siombi kubwa. Leo mkifika nyumbani, mtajeni mwanenu mbele za Mungu kwa jema lake moja, kwa sauti, na yeye akiwa karibu anasikia.