Nguchiro na Majivu ya Jiwe la Nyumbani

Hapo zamani za kale, Nyati alipokuwa bado hajajifunza kufunga mdomo, wanyama wa bonde moja waligawana chemchemi kwa mchezo. Kila kiangazi kilipoanza walicheza mpira wa mawe manne, wanyama wakubwa dhidi ya wadogo. Mchezaji anaupiga mpira wa majani ya mgomba kwa fimbo, anayazunguka mawe mbio, na akilikanyaga jiwe la nyumbani kabla ya mdakaji mwenye mpira, amepata bao. Akichelewa, katoka.

Timu inayoshinda ndiyo inayokunywa kwanza, kiangazi kizima. Na wakubwa wakishakunywa, wakishaoga na kugaagaa, watoto wangu, kinachobaki ni tope. Mwaka wa nyuma Nguchiro aliwachujia wanawe maji kwa kanga ya mkewe, na bado kitinda mimba wake aliumwa tumbo wiki nzima. Wakubwa walikuwa wameshinda miaka saba mfululizo.

Msidhani walikuwa hodari. Mwamuzi alikuwa Mzee Kifaru, mwenye sauti nzito na macho mabovu. Kitu kikiwa hatua tano mbele yake hakioni, basi ushindi alimpa aliyepiga kelele zaidi. Na sheria iliyotungwa na babu yake Nyati ilisema hivi: uamuzi hautazamwi upya, ila aliyeshinda akiomba mwenyewe.

Sasa niambieni, nani ashinde halafu aombe?

Asubuhi ya mechi Nguchiro alimwendea Kifaru na kikapu cha majivu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe? Sogea nikuone."

"Ni Nguchiro. Naona jiwe la nyumbani limefanana na udongo, linakusumbua bure. Nikilimwagia majivu, litakuwa jeupe."

"Una adabu wewe," Kifaru akasema. "Mwaga."

Nyati akacheka mpaka pua zikatoa povu. "Siku hizi umekuwa mpishi wa mawe?"

"Ndiyo, Bwana Nyati," Nguchiro akajibu, akaendelea kusambaza majivu taratibu, yakalifunika jiwe lote.

Mechi ikachezwa mpaka jua la utosi. Tatu kwa tatu, na mpira mmoja tu umebaki. Nguchiro akalimwagia jiwe majivu mapya juu ya nyayo za awali, akashika fimbo. Kwa! Mpira ukaruka juu ya kichwa cha Twiga. Nguchiro huyo, jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Twiga akaurusha mpira, Nyati akaudaka kwa meno, akaja, gudu gudu gudu. Nguchiro akachupa, akalikanyaga jiwe kwa mguu mmoja, akaruka pembeni. Kishindo! Kwato ya Nyati ikatua juu ya jiwe.

"Katoka!" Nyati akanguruma.

"Katoka," Kifaru akaitikia kutoka alikosimama.

Wadogo wakainamisha vichwa. Mke wa Nguchiro akaanza kukunja ile kanga ya kuchujia, machozi yakimlenga. Lakini Nguchiro alilikodolea macho jiwe, kisha akajitupa juu ya vumbi na kulia kwa sauti.

"Bwana Nyati, umeshinda, nimekubali. Ila nakuomba kitu kimoja. Watu wasiyatazame yale majivu."

"Kwa nini?"

"Wakwe zangu wako hapa. Wakiona nilivyoachwa mbali, kwamba sikuligusa hata jiwe lenyewe, nitauweka wapi uso wangu? Yafagie, bwana. Nisitiri."

Sungura, mchezaji mwenzake, akamnong'oneza, "Mbona uliligusa?"

Nguchiro akamfinya, akazidi kulia.

Nyati akavimba kwa raha. Kushinda kulikuwa kutamu, lakini kumwaibisha mtu mbele ya wakwe kulikuwa kutamu zaidi. "Hayafagiliwi! Mzee Kifaru, mimi niliyeshinda naomba uamuzi utazamwe upya. Soma majivu hayo, usome kwa sauti!"

"Umeomba mwenyewe?" Kifaru akauliza.

"Mimi mwenyewe. Wote wamesikia."

Kifaru akaja, akainama mpaka pua ikakaribia jiwe. Karibu hivyo aliona vizuri kuliko wote, ila hakuna aliyewahi kumsogeza. Akatazama, akanusa, akatazama tena.

"Hapa pana unyayo mdogo wa vidole vitano," akasema. "Na hapa pana kwato. Kwato imevikanyaga vidole viwili vya ule unyayo. Vitatu vimebaki."

"Maana yake?" Nyati akauliza, sauti ikianza kupungua.

"Maana yake unyayo ulikuwepo kwanza, kwato ikaja juu yake. Nguchiro kafika. Bao!"

"Lakini neno lako halirudi!"

"Halirudi, ila aliyeshinda akiomba. Babu yako aliipanga vizuri."

Wadogo wakalipuka kwa vigelegele. Nguchiro akajipangusa vumbi, macho makavu kabisa, akawashika wanawe mikono. Wakanywa maji safi, yanayoonyesha mchanga wa chini, huku Nyati akingoja zamu nyuma ya panya. Mke wa Nguchiro akaikunjua kanga yake, akajifunga kiunoni, akacheza.

Tangu siku hiyo Kifaru hutembea kichwa chini, akisoma ardhi kabla ya kusema neno. Nami nimeishia kwenye jiwe hilo hilo: atakaye kumwaibisha mwenzake mbele ya watu, atazame kwanza yeye mwenyewe amekanyaga wapi.